Kipunjabi cha Chumba cha Mgonjwa

Siku ya kwanza Shangazi kufika kwenye nyumba ile, aliambiwa mambo mawili tu kuhusu mgonjwa wake: kwamba hawezi kujigeuza kitandani, na kwamba maneno yake yasimsumbue kichwa.

"Anaropoka tu," alisema mke wa mwenye nyumba huku akimfungulia kabati la mashuka. "Kiharusi kimemvuruga. Wewe mlishe, muogeshe, mgeuze asipate vidonda vya kulalia. Hayo mengine achana nayo."

Shangazi alikuwa mlezi wa wagonjwa majumbani, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Jina hilo la Shangazi alipewa na watoto wa mdogo wake, ambaye aliishi naye. Mtaa ukalidaka, wakubwa kwa wadogo, na mwisho hata waajiri wake wakawa hawajui jina jingine.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa bibi mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja mrefu, amelazwa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa ghala la matairi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono na mguu wa kulia, kisha, kana kwamba hakijatosheka, kikaondoka na Kiswahili chake chote. Watu waliomjua zamani walisema alikuwa na Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni. Alikuwa akibishana sokoni mpaka muuzaji anacheka na kumwachia. Sasa alibakiwa na Kipunjabi, lugha aliyonyonya nayo, na ndani ya nyumba ile hakuwa na wa kusema naye. Mkwe wake, yule mke wa mwenye nyumba, alitoka kwa watu wa lugha nyingine. Alijifunza maneno machache alipoolewa, akayaacha. Mwanawe alikijua vizuri, lakini aliondoka asubuhi na mapema kwenda kwenye duka lake la matairi, na aliporudi hakukaa chumbani kwa mama yake zaidi ya muda wa kunyoosha mto. Mwanawe alimwita Biji, yaani mama. Shangazi alimwita Bibi, na mwenyewe aliitika bila tabu, maana hata kwa Kipunjabi mwanamke wa heshima huitwa Bibi.

Wiki ile ya kwanza Shangazi alifanya kazi kama alivyoagizwa. Alilisha, aliogesha, aligeuza. Bibi aliposema, alimjibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, mama, ndiyo, pole," kama mtu anayembembeleza mtoto.

Kisha siku moja alikuwa anamwogesha. Maji alikuwa ameyachanganya kwa haraka, na mikono yake ilishazoea moto, haikumwambia kitu. Alipomwaga kikombe cha kwanza begani, Bibi alipiga kelele, "Tatta! Tatta!"

"Tatu?" Shangazi akacheka. "Bado, Bibi, hicho ni kikombe cha kwanza."

Akamwaga cha pili. "Tatta!" Akamwaga na cha tatu, akiwa bado na kicheko mdomoni, na hapo ndipo Bibi alipomshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamtazama usoni, machozi yakimchuruzika. Shangazi akaangalia bega. Ngozi ilikuwa imewiva nyekundu, na sehemu moja ilianza kuinuka lengelenge.

Alimpaka dawa, akamfunika, akaenda kusimama jikoni ameshika ukingo wa sinki. Alikuwa amelea wagonjwa miaka mingi. Hakuwahi kumuunguza mtu, tena mtu anayemlilia aache. Mke wa mwenye nyumba alipouliza kelele zilikuwa za nini, Shangazi alimweleza ukweli. Yule mama akaguna. "Ndiyo nimekwambia anaropoka. Mwisho unashindwa kujua lini anasema kweli."

Lakini Shangazi alikuwa ameshaona kwamba pale hakuropoka hata kidogo.

Jioni hiyo alipokuwa anarudi nyumbani alipita kwenye duka la mwanamke aliyeitwa Mama Vifungo. Lilikuwa duka jembamba kama ujia, limejaa nyuzi, zipu, lastiki na makopo ya vifungo mpaka darini, na mwenyewe alikaa katikati kama amejengewa humohumo. Shangazi alikuwa amewahi kumsikia akizungumza na jamaa zake kwenye simu kwa sauti zilezile za chumba cha nyuma.

"Mama, samahani," alisema. "Tatta ni nini?"

Mama Vifungo alimtazama juu ya miwani. "Moto. Kitu cha moto. Kwa nini?"

Shangazi alivuta kigoda cha wateja. Akakaa, akasimulia. Mama Vifungo akasikiliza bila kumkatiza, kisha akasogeza kando kopo la vifungo alilokuwa akichambua.

"Haya," alisema. "Tuanzie na maji, basi. Pani."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, kila jioni, kati ya mteja na mteja. Mama Vifungo hakuwa mwalimu mpole. Shangazi alipokosea alimrudisha nyuma kama fundi anayefumua mshono. "Usiseme *haan* kavukavu, unajibu mbuzi? Sema *haan ji*. Ndiyo kwa heshima. Na *nahin ji*, hapana kwa heshima." Akamfundisha *bhukh*, njaa, na *dard*, maumivu, na *kithe*, wapi, ukiyaunga mawili hayo umeshamuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Akamfundisha *paasa*, ubavu, kwa ajili ya kugeuza. Na kumbe mengine Shangazi alikuwa nayo tayari bila kujua: dawa ilikuwa *dawai*, na mtu ukitaka kumjulia hali unamuuliza *ki haal hai*. Lililomchekesha zaidi ni *bas*.

"Bas ni basi?"

"Bas ni basi. Tosha. Acha."

"Sasa si mngesema mapema kwamba sisi ni ndugu!"

Nyumbani alifanyia mazoezi kwa wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye hakuwa na subira hiyo. "Wifi, umenigeuza mgonjwa wako," alilalamika alipoulizwa anaumwa wapi kwa mara nyingine akiwa anakuna kichwa juu ya sufuria. "Naumwa masikio. Lisemeni hilo na Mama Vifungo wako."

Chumba cha nyuma kikabadilika. Siku Shangazi alipoingia na kusema, "Ki haal hai, Bibi?" yule mzee alimkodolea macho, kisha mdomo wake uliopinda ukacheka upande mmoja. Akamwaga maneno kama mtu aliyefunguliwa bomba. Shangazi hakuambulia kitu, akainua mikono: "Nahin ji, nahin ji!" Wote wawili wakacheka mpaka mke wa mwenye nyumba akachungulia mlangoni.

Toka hapo maji hayakumgusa Bibi kabla hajayapima kwa kidole chake mwenyewe na kusema ni sawa. Akiumwa mgongo, alisema, akakandwa. Na kila walipomaliza kuoga na kuvaa, Shangazi alikunja taulo na kutamka sentensi ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, aliyopewa na Mama Vifungo siku alipouliza namna ya kusema kazi imekamilika: "Kamm poora ho gaya, Bibi." Na Bibi alijibu, "Changa." Vizuri.

Lilikuwepo jambo moja lisilo na dawa. Kila alasiri, jua likishahama ukutani kwa ghala, Bibi aliingiwa na wasiwasi. Aligeuza kichwa mlangoni, akauliza swali moja, tena na tena: "Mera vadda puttar kithe hai?"

Shangazi alilibeba swali hilo mdomoni njia nzima mpaka kwenye duka la vifungo.

"Mwanangu mkubwa yuko wapi," alitafsiri Mama Vifungo. "Ana wana wangapi?"

"Mmoja, ninayemjua mimi. Na kweli ni mkubwa, mama, akipita mlangoni anajibana." Wakacheka. "Ila mwenyewe mama yake akimwona humwita Nikka."

"Nikka ni mdogo."

"Jitu lile?"

"Majina ya nyumbani hayo. Mimi nimezeeka bado kaka yangu ananiita mtoto."

Basi Shangazi akaridhika. Mara moja moja yule mwana aliporudi mapema na kulikuta swali hewani, alilijibu akiwa amesimama mlangoni, bila kuingia, macho yake yako sakafuni: "Aa jauga, Biji. Aa jauga." Kisha alikwenda zake kunawa. Mama Vifungo alisema maana yake ni atakuja. Shangazi alishangaa kidogo kwamba mtu aliyekwishafika aseme atakuja, lakini akajiambia labda ndivyo wanavyosema. Alishangaa pia kwamba nyumba ile haikupata wageni. Watu walifika getini, wengine wazee wa rika la Bibi, na mke wa mwenye nyumba aliwapokea hapohapo, akazungumza nao kwa sauti ndogo, wakaondoka. Hakuuliza. Mlezi wa wagonjwa anayeuliza sana hakai kazini.

Alasiri moja mvua ilikuwa inakusanyika, na Bibi alikuwa hashikiki. Alikuwa ameshajisukuma mpaka ukingoni mwa kitanda, mkono mzima umeng'ang'ania godoro. "Mera vadda puttar kithe hai? Kithe hai?" Sauti ilikuwa imeshakauka. Simu ikalia sebuleni, na mke wa mwenye nyumba akamwitia Shangazi toka huko: "Baba watoto amemaliza kazi, amefunga duka! Yuko njiani. Mwambie mama yake atulie!"

Shangazi alifurahi. Safari hii alikuwa na jibu la kweli, na alikuwa na maneno ya kulisemea. Hakutaka kumwambia tena atakuja, atakuja, neno ambalo Bibi alishalichoka. Alitaka kumwambia mwanao amemaliza kazi. Akatafuta kichwani, akaipata sentensi yake ya taulo. Kazi akaiondoa, mwana akamweka mahali pake. Akapiga magoti karibu na mto, akamshika Bibi mkono, akasema taratibu, kwa tabasamu, asikosee hata herufi:

"Bibi. Puttar poora ho gaya."

Bibi akatulia. Ule mkono uliokuwa uking'ang'ania godoro ukalegea. Alimtazama Shangazi kwa muda, akitafuta kitu usoni pake, na Shangazi akazidi kutabasamu ili amtoe wasiwasi.

"Kadon?" aliuliza Bibi kwa sauti ndogo.

Hilo Shangazi alilijua. Lini.

"Ajj," alisema. Leo. Na ili lieleweke vizuri, akaongeza, "Hune." Sasa hivi.

Sauti iliyomtoka Bibi Shangazi hakuwahi kuisikia kwa mtu aliyepooza. Ilianzia chini kabisa, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena. Alijipiga kifua kwa mkono wake wa kushoto. Aliuvuta msuko wake, akaufumua, nywele zikamwagika usoni. Shangazi alimshika mabega, akimuuliza kwa lugha zote mbili, nini, dard, kithe dard hai, pole mama, wapi. Mke wa mwenye nyumba alikuja mbio, akasimama mlangoni mikono kichwani. "Umemfanya nini? Umemfanya nini?"

Mwana aliwakuta hivyo. Aliingia na viatu, mikono bado myeusi kwa uchafu wa matairi. Bibi alipomwona alimnyooshea mkono na kusema maneno machache, na lile jitu likashika fremu ya mlango kama lililopigwa na kitu.

"Nani kamwambia?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Kumwambia nini, bosi?" Shangazi alikuwa bado amemshika Bibi mabega. "Mimi nimemwambia umemaliza kazi. Unakuja. Basi."

"Anasema umemwambia kaka yangu amekufa. Anasema umemwambia amekufa leo."

"Kaka yako yupi?" aliuliza Shangazi, na kabla hajalimaliza swali akawa ameshalielewa. Mwana mkubwa. Mwana mdogo. Wageni wanaorudishwa getini.

Mwana alipiga magoti pale pale alipokuwa amepiga yeye, akaanza kumweleza mama yake. Shangazi aliambulia neno mojamoja, *nahin, nahin ajj*, si leo, si leo. Bibi alimsikiliza. Akauliza swali moja. Mwana akajibu kirefu. Alipofika mwisho akataka kumshika mkono, na mama yake akausukuma mkono ule nje ya kitanda, polepole, kama mtu anavyomsukuma paka kwenye nguo safi.

"Bas, Nikka," alisema. "Bas." Akageukia ukuta.

Sebuleni mke wa mwenye nyumba hakupunguza sauti. Alitaka Shangazi aondoke saa ileile. Daktari aliwaonya, alisema, kwamba moyo wa mama hauwezi kubeba mshtuko. Mwana mkubwa, dereva wa lori, alipinduka nalo kwenye mteremko wakati mama yake amelazwa hospitali hajitambui. Alipozinduka, wakala kiapo nyumba nzima kwamba hatajua. Wamemficha mwaka mzima. "Sasa akija mtu baki na Kipunjabi chake cha kuokota, anakuja kutuulia mgonjwa!"

"Mngeniambia, mama," alisema Shangazi. "Mngeniambia tu."

"Tukwambie, wewe ni nani?"

Mume wake alikuwa amekaa kitini, uso mikononi. "Mwache," alisema. "Akiondoka nani atamgeuza? Wewe?"

Hivyo akabaki.

Asubuhi yake alipitia duka la vifungo kabla halijafunguliwa vizuri. Alimsimulia Mama Vifungo, akaitamka ile sentensi. Mama Vifungo aliweka chini ufunguo wa kufuli.

"Kazi ikikamilika, imekamilika," alisema. "Mtu akikamilika, amekufa. Ndivyo tunavyosema tukitaka kulisema kwa adabu. Mimi sikufikiri… Wewe ulisema ni la kuoga."

"Lilikuwa la kuoga."

Mama Vifungo hakufungua duka siku hiyo. Alijifunga mtandio, akafuatana naye. Mke wa mwenye nyumba alitaka kumzuia getini kama alivyowazuia wengine, lakini sasa hapakuwa na siri ya kulinda, na mikono ikamwanguka. Mama Vifungo aliingia chumba cha nyuma, akakaa kitandani, akamkumbatia yule asiyemjua. Wakalia pamoja. Bibi alisema na yule akajibu, na kwa mara ya kwanza Shangazi alisikia Kipunjabi kikienda na kurudi ndani ya chumba kile, kama mazungumzo ya watu wote duniani.

Alipotoka, macho ya Mama Vifungo yalikuwa yamevimba. "Anauliza nani alimuosha mwanawe," alisema. "Nani alimfunika. Kama uso ulikuwa mzima. Mimi nitamjibu nini? Sikuwepo. Mwambieni yule mdogo aje akae na mama yake amjibu."

Shangazi alimwambia. Alimkuta uani jioni, anaosha mikono kwa sabuni ya unga kwenye ndoo, anasugua kucha ambazo zilikuwa zimeshatakata.

"Bosi, mama anataka kujua ya kaka yako. Ingia ukae naye."

Hakuinua kichwa. "Unajua kwa nini lori lilikuwa njiani siku ile?" alisema. "Lilikuwa limebeba matairi yangu. Yeye alikataa. Alisema ngoja mama afumbue macho kwanza, mzigo hautaoza. Nikamwambia wateja hawangoji. Nikamwambia mama amelala tu, hata ukikaa hapo hakuoni." Akamwaga maji. "Mimi ndiye niliyemtuma. Mvua ilikuwa imeshaanza."

"Mwambie hivyohivyo," alisema Shangazi. "Lugha unayo."

"Lugha ninayo." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Moyo ndio sina."

Alikwenda mpaka mlangoni kwa mama yake. Shangazi alimwona amesimama, mgongo umejaza mlango, mkono mmoja kwenye fremu. Bibi alikuwa ametazama ukuta. Kisha mwana akarudi nyuma, akachukua funguo za gari, akatoka. Ikawa ndivyo jioni baada ya jioni. Afike mlangoni, asimame, aondoke.

Bibi akaanza kuacha chakula. Hakugombana nacho. Kijiko kilipofika alifunga mdomo na kusema, "Bhukh nahin," sina njaa, kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kula kwao. Siku nyingine Shangazi alifanikiwa kumpa supu kidogo, siku nyingine maji tu. Daktari alikuja, akapima, akaandika dawa. Mwili ukaendelea kupungua, na kumgeuza, ambako mwanzo kulimtoa Shangazi jasho, sasa kulikuwa kama kugeuza mto.

Lakini alisema. Hakuwahi kusema kama siku zile. Hakuuliza tena mwanawe mkubwa yuko wapi. Alisimulia juu yake. Mchana kutwa, sauti ndogo inayokwenda na kupumzika, alimweleza Shangazi habari ambazo Shangazi alikamata neno moja kati ya mengi: mtoto, maji, kiatu, moto, alikuja, nilimwambia. Mama Vifungo alipokuwepo alitafsiri kidogo, lakini duka lilimtaka, hakuweza kuja kila siku. Siku nyingi Shangazi alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, akimkanda Bibi miguu, akiitikia *haan ji, haan ji*. Kila alipoitikia alijiuliza ameitikia nini. Hofu ilikuwa imemwingia. Hata Kiswahili chake kilipungua. Wifi yake akamuuliza nyumbani kama amekula kiapo cha kunyamaza.

Bibi alikata roho asubuhi moja kumekucha vizuri, mke wa mwenye nyumba yuko jikoni anapanga vyombo. Shangazi alikuwa anapima maji ya kuoga kwa mkono. Aliporudi na beseni, pumzi ilikuwa imeshatoka. Aliliweka beseni chini. Alimfumba macho, akamchana nywele, akamsuka msuko wake mmoja kabla hajamwita mtu.

"Nilisema," alilia mke wa mwenye nyumba. "Nilisema utatuulia mtu." Hata Shangazi mwenyewe hakujua kama ni kweli au la. Daktari alisema moyo. Moyo wa mzee yule ungeweza kusimama wakati wowote, alisema, hata kama angeishi na uwongo wake kwa raha. Hayo alimwambia mwana, mwana akamwambia Shangazi, na hakuna kati yao aliyepata nafuu.

Baada ya mazishi alirudi kwenye nyumba ile kufanya usafi wa mwisho. Alivua mashuka, akakunja mpira wa kitanda, akafungua dirisha linalotazamana na ghala. Alikuwa ameshashika kikapu chake aondoke pale mwana alipoingia, akapita mlango ambao kwa siku zote zile alikuwa akisimama nje yake, akakaa juu ya godoro tupu. Kitanda kikalia.

"Kaa kidogo, Shangazi," alisema.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Alikuwa anasema mchana kutwa. Nilikuwa namsikia nikipita uani. Alikuwa anakwambia nini?"

"Bosi, mimi sijui Kipunjabi. Wewe ndiye unakijua."

"Niambie tu ulichopata."

Shangazi akamwambia. Alimwambia kwamba kulikuwa na kisima, au mto, maji yoyote yale, na mwana mkubwa alitumbukiza kiatu kimoja, akakitupa na cha pili ili visiachane. Hilo Mama Vifungo alilithibitisha. Kulikuwa na homa, na nyumba yenye paa linalovuja. Kulikuwa na mahali ambapo Bibi alicheka, lakini kilichomchekesha hakukipata. Mara nyingi alisema *changa*, vizuri, alikuwa vizuri, au mtoto mzuri, mojawapo. Aliyatoa yote aliyokuwa nayo, mengine nusu, mengine neno tupu lisilo na mwenzake, na yule bwana aliyapokea ameinamisha kichwa, hakumsahihisha hata moja.

Maneno yakamwishia. Ghalani mtu alikuwa anabiringisha tairi.

"Na mimi?" aliuliza mwana. "Alinitaja?"

Shangazi alimwangalia. Jibu alilolitaka mwana lilikuwa jepesi, na hakuna ambaye angekuja kulikanusha. Lilimfika mpaka ulimini.

"Alikutaja," alisema. "Alisema Nikka, mara nyingi. Ila yaliyofuata sikuyaelewa."

"Alikuwa na hasira?"

"Sijui, bosi."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Shangazi alijaribu kuikumbuka. Alifumba macho kabisa, akaitafuta. "Ya kuchoka," alisema. "Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka."

"Hata neno moja hulikumbuki? Litamke tu lilivyo. Nitalijua mimi."

Alijaribu. Alifungua mdomo, akaanza na Nikka, akaona sauti zilizofuata zikimteleza, hii inafanana na maji, hii inafanana na njaa, na akaogopa kumpa mtu yule neno ambalo mama yake hakulisema. Akatikisa kichwa.

Mwana akaitikia kwa kichwa naye. Alibaki ameketi pale, mikono magotini, na Shangazi alipochukua kikapu chake na kutoka hakuinua kichwa kumtazama.